Ukiambiwa mwenzako anaumwa

Katika mfano wa Msamaria Mwema, Yesu anaitaja huruma ya yule Msamaria kwa mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani mara moja tu. Luka 10:33: alipomwona alimhurumia. Mistari miwili inayofuata yote ni kazi na gharama. Alikaribia. Alifunga jeraha, akatia mafuta na divai. Alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, maana yake yeye mwenyewe alitembea kwa miguu, na barabara ya Yerusalemu kwenda Yeriko ni mteremko wa kama kilomita 27 katika nchi kavu ya mawe. Alimtunza usiku ule katika nyumba ya wageni. Kesho yake akatoa dinari mbili, na ukisoma Mathayo 20 utaona dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku nzima. Halafu akaacha na deni wazi: kitakachozidi, nitakulipa nikirudi.

Nimefanya kazi ya unesi wodini mpaka nikastaafu, na sasa ni mhazini wa mfuko wa diakonia, yaani wa kusaidia wenye shida, katika jumuiya yetu ya Kilutheri hapa Morogoro. Watu wenye moyo mwema nawaona kila wiki. Mtu anasikia fulani amelazwa, anasikitika kweli kweli, anaandika "Mungu akuponye" kwenye grupu la WhatsApp, anaweka na vile vikatuni vya mikono iliyofumbatana, basi. Yakobo, katika waraka wake, aliliona hilo kabla ya simu: ndugu yuko uchi na hana riziki, wewe unamwambia "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba", bila kumpa mahitaji ya mwili. Anauliza, yafaa nini?

Nitaeleza tunavyofanya sisi, na tulikoyatoa katika Maandiko. Kama jumuiya yenu ni ya Kikatoliki, ya Kianglikana, ya Kipentekoste, au huna jumuiya kabisa, chukua linalokufaa.

Uliza, lakini uliza vizuri

Bartimayo alikuwa kipofu na watu wote pale njiani Yeriko walijua shida yake. Yesu naye aliijua. Hata hivyo alimwuliza: "Wataka nikufanyie nini?" (Marko 10:51). Akamwacha aseme kwa kinywa chake.

Tatizo ni kwamba sisi tukiulizwa hivyo hatujibu. Mwambie mama wa Kitanzania "ukihitaji chochote niambie", atakujibu "tunashukuru, tuombeeni tu", hata kama jana wamelala na chai ya rangi. Tumelelewa kutoomba. Kwa hiyo mpe vitu vya kuchagua, na umwoneshe kwamba kuja utakuja tu: "Dada, kesho mchana napita hospitali. Nilete uji wa ulezi au supu? Nguo za kufua niziwekee mfuko gani?" Hapo hatakiwi kuomba, anatakiwa kuchagua tu.

Mpigie anayemuuguza, siyo mgonjwa. Mgonjwa atasema hana shida. Anayemuuguza ndiye anayejua kwamba sabuni imekwisha tangu juzi. Nimeona kabati la pembeni ya kitanda limejaa machungwa na maboksi ya juisi, mgonjwa mwenyewe ana kisukari, na mdogo wake anamwogesha kwa kopo la siagi lililokatwa kwa sababu kati ya wageni wote waliopita hakuna aliyefikiria beseni. Vitu vinavyopungua wodini ni hivi hivi vya kijinga: beseni, sabuni ya mche, kandambili, kanga mbili za ziada, chupa ya chai inayotunza joto, maji ya kunywa, chaja ya simu. Na nauli ya anayeuguza. Huyo anapanda daladala kwenda na kurudi kila siku, na nauli yake haimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Kabla ya kupika, uliza wauguzi mgonjwa anaruhusiwa nini. Kuna wa presha asiyetakiwa chumvi, kuna anayesubiri upasuaji ambaye hatakiwi kuonja hata maji. Usimtilie huruma ya kijiko kimoja tu. Kijiko hicho kinaweza kuahirisha upasuaji wake. Akisharuhusiwa, leta chakula. Binti wa Yairo alipofufuka, watu walishikwa na mshangao mkubwa, na katikati ya mshangao huo Yesu akaagiza apewe chakula (Marko 5:43). Kwa miaka yangu yote wodini mstari huo ndio nilioupenda kuliko yote ya Marko.

Ukifika kitandani

Kaa. Ukisimama juu ya mtu aliyelala unakuwa kama daktari wa raundi, na yeye anajibu kama anavyomjibu daktari: kwa kifupi. Vuta stuli au ndoo uigeuze, kaa upande ambao atakuona bila kugeuza shingo. Kitandani usikae mpaka umeuliza, hasa kwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo: godoro likibonyea upande mmoja, mshono unavuta. Usiegemee stendi ya dripu.

Usiulize "unaumwa nini?" Vitanda viko karibu, pazia mara nyingi hakuna, na mama wa kitanda cha pili anasikia kila kitu. Uliza "umeamkaje?", kisha unyamaze. Akitaka kusema ugonjwa wake atausema. Na akiusema, unabaki hapo hapo. Hapa niseme wazi, kwa sababu sisi watu wa kanisa tuna njia yetu ya kusengenya, tunaiita ombi la maombi. "Wapendwa, tumkumbuke mama fulani, amekutwa na uvimbe kwenye kizazi." Kabla ya jua kuzama mtaa mzima unajua kizazi chake. Mithali 11:13 inamsifu mwenye roho ya uaminifu kwa kusitiri mambo. Mungu anaujua ugonjwa bila kutajiwa na grupu. Sema "tumwombee mama fulani amelazwa", inatosha.

Hadithi za shangazi yako aliyekuwa na ugonjwa kama huo huo ziache nyumbani, zaidi kama shangazi alifariki.

Kuhusu kuomba: omba ruhusa kwanza, kwa mgonjwa na kwa muuguzi wa zamu kama ni saa ya dawa. Sema kwa sauti ya mazungumzo. Wodi ni ya watu wote, kitanda cha kulia kuna Mwislamu, cha kushoto kuna mtoto aliyelala kwa shida sana. Wapo wanaokuja kukemea mapepo saa ya kutazama wagonjwa kana kwamba malaria ina masikio. Baba Yetu, na aya mbili za Zaburi ya 23 kama anaipenda, zinatosha sana. Robo saa ikipita, aga, isipokuwa umekuja kumpokea anayemuuguza.

Mguse. Mshike mkono, kama hakuna sababu ya kitabibu ya kukataza. Katika Marko 1:41 yule mwenye ukoma aliguswa kwanza, akatakasika baadaye. Kwa sheria ya Walawi 13 mtu huyo alitakiwa akae peke yake na apige kelele kwamba ni najisi, kwa hiyo haijulikani alikuwa amekaa muda gani bila mkono wa mtu kugusa mwili wake. Sisi manesi wa zamani tunaelewa. Kabla dawa za kufubaza VVU hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, nilitembelea nyumba ambayo kikombe cha mgonjwa kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu ya kucha kwenye kishikio chake, ili kisichanganywe na vya wengine. Mgonjwa alikuwa anakunywa humo mbele ya wanawe, na rangi ile anaiona kila anapoinua. Niliomba chai, nikaomba niwekewe katika kikombe kile. Sikuhubiri neno lolote. Siku hizi elimu imeenea, lakini kifua kikuu, fistula na magonjwa ya akili bado yana vikombe vyao.

Na sasa huyo anayeuguza. Ukienda kumwona mgonjwa, nusu ya safari yako ni ya huyu. Soma 1 Wafalme 19: Elia amechoka mpaka anaomba kufa, chini ya mti wa mretemu jangwani. Malaika hakumkemea kwa kukosa imani wala hakumpa somo. Alimgusa, akamwamsha ale mkate na maji, akamwacha alale tena, akaja mara ya pili akamlisha tena, kwa maelezo kwamba safari ni ndefu kumzidi. Kwa hiyo mwambie mdogo wa mgonjwa: "Mimi nipo hapa mpaka jioni. Nenda nyumbani ukaoge, ulale." Atakataa. Sema tena. Ukimpata akalale saa nne mfululizo umefanya kazi kubwa, na mgonjwa atauguzwa vizuri usiku.

Msibani

Rafiki zake Ayubu wanasemwa vibaya, lakini mwanzo walifanya vizuri kuliko wengi wetu. Ayubu 2:13 inasema walikaa pamoja naye chini, siku saba mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makubwa sana. Waliharibu walipofungua vinywa.

Kwa hiyo nenda, keti, nyamaza. Maneno yafuatayo yaondoe kinywani mwako kwa muda wote wa msiba: "ni mapenzi ya Mungu", "Mungu amempenda zaidi", "jikaze, usimlilie, ni kukosa imani", "bado kijana, utaolewa tena". Hilo la mwisho nimelisikia likisemwa kwa mjane kabla ya kuzika. Yesu alikwenda Bethania akijua atamfufua Lazaro dakika chache baadaye, na bado "Yesu akalia machozi" (Yohana 11:35). Kama yeye alilia, sijui sisi tunamkataza mjane kwa mamlaka gani. Paulo naye hakusema "wanyamazisheni waliao". Alisema "lieni pamoja nao waliao."

"Pole" inatosha. Ukiona hufai kukaa kimya, nenda kwenye mafiga. Chota maji, menya viazi, osha masufuria, shika daftari la rambirambi, angalia watoto wa marehemu wamekula kweli au wanazungushwa zungushwa tu. Kuna mtu lazima awatazame watoto, na mara nyingi hakuna.

Lakini kazi yenyewe inaanza turubai likishushwa. Siku za matanga nyumba ina watu mpaka barabarani. Wiki mbili baadaye kuna mjane, watoto na ukimya. Jumuiya yetu tunapanga watu wa kupita kwa zamu, mmoja mmoja, kwa miezi. Tunampeleka pia kwenye makaratasi, na hapa ndipo wengi wanaachwa. Mjane anatakiwa kupata cheti cha kifo. Kunakuwa na kikao cha ukoo cha kupendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake unapelekwa mahakamani, kwa familia nyingi mahakama ya mwanzo. Kuna tangazo, kuna siku za kusubiri, kuna kwenda na kurudi. Ndugu wa mume wenye haraka na shamba wanajua ratiba hiyo kuliko yeye.

Mjane wa Luka 18 alimwendea kadhi dhalimu mara kwa mara mpaka kadhi akachoka. Tunamsifu kwa kudumu katika kuomba, na ni sawa, Luka mwenyewe ndivyo anavyoufungua mfano. Mimi kila nikiusoma nauliza watu wa sinagogi lake walikuwa wapi. Wako asiende peke yake. Mtu mzima mmoja wa jumuiya, mwenye kusoma vizuri, akae naye kwenye benchi la mahakama, ashike bahasha ya nakala. Si lazima awe mwanasheria. Akiwepo tu, makarani wanaongea vingine, na mashemeji pia. Isaya 1:17 inaagiza kumtetea mjane, na utetezi mwingi ni wa namna hii: foleni, nakala, mhuri.

Mambo ya pesa

Kumbukumbu la Torati 24:10-13 ni maandiko ambayo sijawahi kusikia yakihubiriwa, na mimi ningeyabandika ukutani kwa kila mhazini. Ukimkopesha jirani, usiingie nyumbani kwake kuchukua rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Na kama ni maskini akakuwekea nguo yake, mrudishie jua likichwa, apate kujifunika alale. Angalia sheria inavyoulinda mlango wa maskini. Mwenye pesa anasimama nje.

Tunavyoitumia: hatumfanyii mtu ukaguzi wa chumbani. Wanaokwenda ni wawili, wanakaa wanapokaribishwa, hawafungui mapipa ya unga wala kuhesabu magodoro. Pesa tunatuma kwa simu, na tunatuma na ya kutolea, kwa sababu mtu aliyetumiwa kiasi cha dawa akakatwa ada kwa wakala anabaki amepungukiwa dawa. Kwenye kikao cha jumuiya natoa taarifa: familia moja imesaidiwa matibabu, kiasi kadhaa. Majina yako kwenye daftari langu na kwa mwinjilisti, hayatoki hapo.

Picha hatupigi. Kuna kikundi kimoja nilikiona kimempanga bibi mbele ya nyumba yake, kiroba cha sembe kimesimamishwa miguuni, watu sita nyuma yake wenye fulana za kufanana, na bibi anaambiwa atabasamu. Mathayo 6:2 inaongelea watu wanaopiga panda, yaani tarumbeta, mbele yao watoapo sadaka. Panda ya siku hizi ina kamera. Wafadhili wakihitaji ushahidi, wape hesabu.

Msaada mzuri kuliko wote ni ule ambao mpokeaji hapigi magoti kuupata, na fundi wake ni Boazi, mwenye shamba katika kitabu cha Ruthu. Sheria ilishamtaka mwenye shamba asivune mpaka pembeni wala asiokote masazo, awaachie maskini na mgeni (Walawi 19:9-10). Boazi alizidisha. Katika Ruthu 2:16 anawaambia vijana wake wachomoe mashuke katika miganda wayaache kwa makusudi, na wasimkemee Ruthu, mjane mgeni aliyekuja kuokota masazo. Ruthu akarudi jioni na shayiri kama kipimo kizima cha efa, amevuna kwa mikono yake mwenyewe, hadaiwi asante na mtu. Kwetu mama mmoja anayeuza mboga za Mgeta pale soko la Chifu Kingalu alifiwa na mume, mtaji ukaishia msibani. Tungeweza kumpa unga kila mwezi. Tukaamua kila nyumba ya jumuiya inunue mboga kwake, kwa bei yake, bila kuomba punguzo wala nyongeza, na mfuko ukamnunulia tenga la kwanza la karoti. Ukimpunguzia bei mjane halafu Jumapili ukamchangia, umemchosha tu.

Mkopo kutoka mfuko wa diakonia hatutoi. Tunatoa tulichoweza, tunasahau. Anayedaiwa na kanisa anaanza kukwepa kanisa, na huyo ndiye tuliyetaka awepo.

Nani aanze kusaidiwa? Paulo katika 1 Timotheo 5 anasema ndugu wa mjane wahangaike kwanza, ili kanisa liweze kuwasaidia walio wajane kweli kweli. Kwa hiyo tunauliza habari za watoto na ndugu, na wakati mwingine msaada wetu ni simu moja kwa kijana aliyeko Dar ambaye hajapiga nyumbani muda mrefu. Na mkigombana juu ya mgawo, maana mtagombana, someni Matendo 6. Wajane wa upande wa Wayunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia waache manung'uniko. Walisema wachaguliwe watu saba, na ukiangalia majina ya hao saba, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani. Kapu lilikabidhiwa kwa upande uliolalamika. Kwetu, wapangaji wa vyumba vya mtaa wa Mji Mpya walipolalamika kwamba mfuko unawaona wenye nyumba tu, tulimchagua mpangaji awe katibu.

Yule aliyejitakia

Hapa Morogoro tuna somo letu. Jumamosi asubuhi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, watu wakaenda kuchota petroli, likalipuka. Waliokufa walipita 100, wengine pale pale, wengine wodini siku zilizofuata. Majeruhi walitibiwa hospitali ya mkoa na wengine wakapelekwa Muhimbili. Nchi ilitangaziwa siku 3 za maombolezo.

Maombolezo yalikuwepo, lakini palikuwa na sentensi nyingine iliyotembea chini chini, kwenye daladala, sokoni, na mpaka kwenye baraza la kanisa: "Walifuata nini?" "Tamaa hiyo." Watu walisema hivyo huku mji una harufu bado. Tukaanza kuchambua: huyu alikuwa na dumu, huyu alikuwa anapita tu na bodaboda yake, huyu alikwenda kumwita mdogo wake arudi. Wa dumu anastahili pole nusu, wa kupita pole nzima.

Yesu aliletewa habari za namna hiyo hiyo katika Luka 13. Akakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara Siloamu: je, mwadhani walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo. Kisha akawageuzia wao swali la toba. Na wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, hakuwapa jina la mtu. Alitema mate chini akafanya tope, akaanza kazi (Yohana 9).

Ukimwendea aliyeungua, kwa chanzo chochote, hili ndilo la kufanya. Usiulize ilikuwaje. Amesimulia polisi, ndugu, na kila mgeni. Mtazame usoni, machoni, hata kama uso umebadilika, kwa sababu yeye anachunguza macho yako unapoingia kuona kama utashtuka. Jua kwamba kusafisha vidonda vya moto ni maumivu yanayorudi kila anapofungwa bandeji upya, kwa hiyo uliza saa ya kufungwa na usiende mara tu baada ya hapo. Mwili unaojenga ngozi upya unadai protini kupita kawaida: trei ya mayai, maziwa, dagaa, maharage, karanga za kusaga kwenye uji. Mayai yana faida kuliko soda zote mtakazobeba. Akiruhusiwa kurudi nyumbani bado ana mazoezi ya viungo, maana kovu linakaza na kukunja mkono au shingo, na mazoezi yanauma, na nyumbani hakuna wa kumsimamia. Mtu wa kwenda kumhesabia kunyoosha vidole, asubuhi na jioni, anatoa huduma kubwa kuliko kwaya nzima itakayokwenda mara moja.

Fanya hivyo hivyo kwa mlevi ambaye ini limekwisha, kwa kijana wa bodaboda aliyeendesha bila kofia ngumu, kwa binti aliyelazwa kwa kutoa mimba. Mafundisho yana siku yake na yana mtu wake wa kuyasema, anayependwa na mgonjwa na aliyeulizwa. Mgeni wa saa ya kutazama wagonjwa hana kazi hiyo. Kama huwezi kuzuia mdomo wako, tuma mayai na mtu mwingine.

Mwenye nyumba ya wageni

Watu wanaojitolea sana wanachoka, halafu wanakuwa wakali, halafu wanaacha. Warudi tena kwa Msamaria. Kesho yake aliondoka. Alikuwa na safari, akaendelea nayo. Mgonjwa alimkabidhi kwa mtu ambaye kutunza wageni ndiyo kazi yake, akamlipa, akaahidi kurudi. Hakuahirisha maisha yake yote.

Kwa hiyo wajue wenye nyumba za wageni wa mji wako. Hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii, na mgonjwa asiye na uwezo kabisa huanzia hapo kuomba msamaha wa gharama. Mtu wa jumuiya amsindikize, awe na barua ya serikali ya mtaa mkononi kabla ya kwenda, maana bila barua watarudishwa. Kata ina afisa ustawi pia. Ukimkuta mtoto anayepigwa, mwanamke anayetishiwa, mtu anayesema anataka kujiua, usibaki naye wewe na Zaburi peke yenu. Nenda dawati la jinsia polisi, nenda hospitali, mwite mchungaji. Kuna shida zinazohitaji watu waliosomea.

Zamu zigawe kwa watu wengi. Yethro alimwambia mkwewe Musa katika Kutoka 18 kwamba anachofanya si chema, atajichosha yeye na watu pamoja naye, na Musa alikuwa Musa. Kwetu hakuna anayekwenda wodini zaidi ya mara mbili kwa wiki, hata akitaka, na mwenye mtoto mchanga au mgonjwa wake mwenyewe nyumbani hapangiwi kabisa.

Ukishamkabidhi, bakiza ile ahadi ya "nitakaporudi". Tunaandika kwenye kalenda ya ukutani nyumbani kwa mwenyekiti: tarehe ya kliniki inayofuata, nani atamsindikiza, nauli imetoka au bado. Asiyeweza kwenda siku yake anatafuta wa kubadilishana naye kabla ya saa mbili usiku, na anampigia mgonjwa amwambie jina la atakayekuja.